Taa Iliyochelewa

Ukurasa wa kumi na saba wa kitabu cha mgombea,
karatasi nzito, picha yake jaladani,
mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni:
"Nilisomea chini ya taa ya barabarani,
mama akiuza mkate kwenye lango la mgodi,
vumbi la makaa likituandika majina usoni."

Niliipigia mstari kwa penseli. Sentensi nzuri.
Mhariri wangu, Ravanal, hakuinua macho:
Nenda Lota. Kahesabu taa.

Basi la alfajiri, mvua ya Julai ikilipiga ubavuni.
Manispaa, karani mwenye skafu ya zambarau
alinitolea daftari la umeme lililonuka panya.
Mtaa ule, nguzo ya kwanza: Machi, tisini na nne.
Mwaka huo Evaristo Undurraga
alikuwa na miaka ishirini na mitatu,
anasomea sheria Santiago.

Kwa mapadre wa Concepción, rejista ya shule:
karo imelipwa yote, kwa mkupuo, kila Machi.
Maoni ya mwalimu, wino wa buluu:
"Ana kipaji cha kukariri."

Nilimpigia msemaji wake.
Akasema, kumbukumbu si risiti, dada.
Akasema, huo ni ukweli wa moyo.
Nikamwuliza moyo huo ulisoma shule gani.
Akakata simu.

Nguo ya kuazima haisitiri matako,
ndivyo tujuavyo.
Ila matambara ya kuazima, jukwaani, chini ya taa za kamera,
yanamkaa mtu kama yamekatwa kwa fundi.
Watu wazima walilia Temuco. Nimeiona video.
Bibi mmoja alivua kofia.

Saa tisa Ravanal alikuwa na kichwa cha habari,
neno moja, herufi za kumtosha kipofu.
Nikamwomba siku moja zaidi.
Maana taa haikuwepo, sawa,
lakini mkate?
Mtu hatungi mkate wa namna ile,
uliofunikwa gunia la unga
na jiwe la moto chini yake ili usipoe.
Jiwe lile lilikuwa la mtu.

Nilimpata Talcahuano, anatengeneza majokofu.
Eleuterio Catrileo, miaka hamsini na nne,
bisibisi mfuko wa kifuani.
Nikamsomea ukurasa.
Alisikiliza huku anafuta mikono, kidole kimoja kimoja,
kama mtu anayehesabu chenji.

"Mama alikuwa anawafulia, kila Jumatatu.
Yule mtoto hakutoka jikoni.
Alikula mkate wetu wa moto akiuliza: Na kisha?
Mama alimsimulia kila kitu.
Sisi nyumbani alikuwa anafika amechoka,
hatusimulii."

Nilikaa juu ya jokofu lililolazwa.
Nikakumbuka barua niliyoombea kazi hii,
nilipoandika: binti wa baharia.
Baba alikuwa anakata tikiti za kivuko
kwenda ng'ambo na kurudi, dakika arobaini.
Hakuna aliyeniuliza.
Hakuna aliyetumwa kuhesabu mawimbi.

"Na taa?" nikasema. "Daftari linasema haikuwepo."
Akacheka, mara ya kwanza.
"Ya barabarani? Haikuwepo.
Ilikuwa ya lango la mgodi, ya mlinzi.
Aliizima saa tatu kamili, hata uwe katikati ya hesabu.
Mgawanyo sijaujua hadi leo."

Nikafungua daftari langu: una hasira naye?
Akageukia jokofu, akaligonga ubavu, akasikiliza.
"Taa abaki nayo, si yangu, si yake.
Ila andika kwamba mkate ulikuwa wa Herminda.
Herminda, kwa H.
Wengi wanaisahau."

Niliandika hivyo, aya ya tatu.
Ravanal aliisogeza hadi ya kumi na moja,
chini ya tangazo la magodoro.
H ameiacha.